Gari la Kulala na Ndege wa Luberizi

*Luberizi, 20 Agosti 2023*

Kwa Rénovat, mdogo wangu, popote pale gari lako lilipozimika leo,

Yezu asifiwe. Huku tu wazima, yaani mimi, mbuzi wawili, na yule kuku wako mweusi ambaye bado anataga kwa jirani utadhani hana kwao. Binti yangu Délice amejifungua salama kule Bujumbura. Ni mtoto wa kike, mnene, na maskini amechukua masikio yako. Kaburi la baba nimelifyekea mwenyewe. Msalimu Divine, kama bado hajashuka njiani na kupanda basi pamoja na watu wenye akili.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka mzima na zaidi unazunguka ndani ya Hiace kuukuu uliyoiwekea kitanda na mapazia. Mtu mwenye nyumba yake Kilibula, kule Uvira, bati juu, kitasa mlangoni, anakwenda kulala kando ya barabara za watu na mke wake, kama mzigo uliokosa mwenyewe. Hapa wananiuliza kama ulifukuzwa mjini. Nawaacha waamini hivyo, maana ukweli unaaibisha zaidi.

Wakati wewe unatazama milima ya wengine, ndege walikula mpunga wa shamba la baba mwezi wa sita, wote, hata wa kupikia wageni haukubaki. Unajua kazi ile ni ya watu wawili. Tangu baba, mzee Ciza, apewe shamba, kila msimu wewe ulikuja kusimama upande wa mfereji, mimi upande wa barabara, kuanzia kunapopambazuka hadi jua linapozama, tukipiga kelele mpaka punje zikauke. Upande wa mfereji safari hii ulikuwa wazi, na ndege si wajinga.

Kamati ya mfereji imeshasema: shamba likikosa mavuno misimu miwili mfululizo, linapewa mwingine. Ninahazwe, jirani yetu, siku hizi anatembea kwenye tuta letu akihesabu hatua. Nasia mbegu mwezi ujao, napandikiza Oktoba, na mwanzoni mwa Desemba punje zitaanza kuingia maziwa, nao ndege watakuja kuyanyonya. Safari yako ya kitoto uimalize, uwe hapa siku hizo.

Usinipigie simu. Namba yako nimeifunga. Maneno yako nayataka kwenye karatasi, maana humo mtu mjinga anaonekana bila taabu. Barua mpe dereva yeyote aiache dukani kwa Alliance, Kilibula, na Vainqueur wa lori la mpunga ataniletea.

Mkubwa wako,
Agathe

---

*Kyela, 24 Septemba 2023*

Kwa yaya Agathe, dada yangu mkubwa na mtawala wa matope yote ya Luberizi,

Salamu nyingi kutoka Tanzania, karibu kabisa na mpaka wa Malawi. Divine ni mzima na amenenepa. Mimi nimeota ndevu. Gari halijazimika hata mara moja, pole kwa kukukatisha tamaa. Mtoto wa Délice mumpe busu langu, na masikio yake yaacheni yakue, yatamsaidia kukusikia unapokuja, akimbie.

Nikupe habari. Juzi tuliegesha kando ya ziwa la huku. Karibu nasi walikuwepo wazungu, mume na mke, wana gari la kulala kama letu, ila refu. Askari akaja, akawapigia saluti, akawaita watalii, akawaonyesha mahali pa kuchota maji. Halafu akaja kwangu. Akachungulia ndani, akaona kitanda, jiko la gesi, masufuria ya Divine, akaniuliza kwa huruma nimekimbia vita ipi. Nikamwambia hatujakimbia, tunatembea tu. Alicheka mpaka akaegemea mlango wangu. Na leo dada yangu wa tumbo moja ananiandikia maneno ya askari yule yule.

Miaka yote ile pale Uvira niliendesha magari ya mashirika. Nilipeleka watu kuona ziwa, wao wakashuka, mimi nikabaki kwenye usukani nikilinda mikoba yao. Shirika la mwisho lilipofunga mlango, nikachukua Hiace yao iliyochoka na kujiambia kwamba sasa nami nitashuka. Wewe hujawahi kuvuka daraja bila ndoo kichwani, huwezi kuelewa.

Shamba! Ninachokumbuka mimi ni matope katikati ya vidole na wewe ukinifokea kutoka ng'ambo. Na ndege wanakusumbua nini, mwenye koo lile? Ulipofungua mdomo, ng'ombe wa Sange waliinua vichwa na ndege walihamia Burundi bila pasipoti. Mzee Ciza alikuwa akisema parapanda ya siku ya mwisho Mungu ameihifadhi kwako. Basi simama katikati ya shamba, fungua mdomo, watoke. Wewe peke yako ni watu wanne. Mimi niache, nitarudi polepole kama mtu mwenye heshima zake.

Jingine. Unasema namba yangu umeifunga. Mbona Jumapili iliyopita nilipiga na ukapokea? Nilisikia kuku, nikasikia unapumua. Nikasema alo, yaya, alo, mpaka Divine akanicheka. Ukakata. Ndiyo adabu ya mkubwa hiyo?

Wako,
Rénovat

---

*Luberizi, 29 Oktoba 2023*

Kwa mtalii,

Barua yako imelala Kigoma, imelala kwa Alliance, imenifikia ikinuka dagaa. Huku mvua imeanza. Mbuzi mmoja amezaa. Nilikwenda Bujumbura kwenye ubatizo wa mtoto wa Délice nikarudi kesho yake. Watu walikuwa wengi na kila mmoja alitaka maongezi. Mwezi wa nne pia nilipita Bukavu kidogo kuangaliwa shingo, lile rovu lililokuwa linakua. Limekwisha. Navaa kitambaa, kinanipendeza kuliko ndevu zako.

Kuhusu koo langu usiniandikie tena.

Ulitaka kujua ndege wananisumbua nini, basi soma taratibu. Ninahazwe ana wakwe wawili na mabinti watatu, wote wana midomo. Wanapiga kelele upande wao, ndege wanaruka, wanazunguka juu wakitafuta mahali penye kimya, wanatua kwangu. Nilifunga makopo kwenye kamba nikayavuta mchana kutwa. Siku ya tatu walikuwa wanakaa juu ya makopo. Nilitafuta vibarua, wakalala kwenye nyasi wakiwa wamejifunika magunia yangu mwenyewe. Sanamu la nguo kuukuu nalo lilinyewa kichwani siku ile ile. Lilivaa koti lako, kwa hiyo sikuhuzunika sana.

Nimepandikiza. Mpunga umesimama vizuri, kijani chake hujawahi kukiona huko unakotanga. Sikubembelezi. Kama huji, andika neno moja, "siji", niache kutazama barabara. Ninahazwe nitamkabidhi jembe la baba kwa mkono wangu, naye nitamwambia, au tuseme atajua, kwamba mzee Ciza alizaa mwanamume mmoja na mwanamume huyo alipenda mapazia.

Agathe

---

*Kigoma, 19 Novemba 2023*

Kwa yaya,

Tuko Kigoma, na afya ipo. Divine ana mafua na hasira. Amesikia kwamba mama yake pale Nyamianda, Uvira, anaumwa goti, na ameanza kuota nyumbani, lakini ukimtajia kurudi analia. Mwanamke huyo sikumwelewa nyumbani, sikumwelewa safarini.

Furahi basi, safari inakufa. Kila siku tunaizika kidogo. Mapazia tumempa mama anayetupikia chai bandarini. Pipa la maji limekwenda kwa fundi wa matairi. Jiko la gesi Divine amelikumbatia, hataki kulitoa, na kwa siku mbili hatujasemezana kwa sababu ya jiko. Amekuja mtu wa dagaa anataka Hiace. Alipanda juu ya kitanda changu na viatu vyake, akagonga mbao, akasema hii takataka ataing'oa yote. Takataka! Nilizipiga randa mbao zile kwa mkono wangu. Nilitaka kumpiga, nikakumbuka nina umri gani.

Anarudi katikati ya Desemba kulichukua gari. Baada ya hapo nitapanda boti na mfuko mgongoni, nije kusimama kwenye matope yako badala ya lile sanamu, maana koti ni lile lile. Nitachelewa. Ndege wako waambie wanivumilie.

Nakudharau, yaya, nakuambia wazi. Nakudharau kwa kuishi maisha yote ukizunguka mraba mmoja wa maji na kudhani dunia nzima inauonea wivu. Lakini kuna neno kwenye barua yako linanikera tangu nilisome. Umeandika "kimya". Shamba letu halijawahi kuwa na kimya, mimi niwepo nisiwepo. Wakati ndege wanatafuta mahali pa kimya, wewe ulikuwa wapi? Na kwa nini uandike kwamba Ninahazwe utamwambia, halafu useme atajua?

Nijibu upesi, kwa simu au kwa karatasi, nitapokea vyovyote.

Rénovat

---

*Uvira, Kilibula, 4 Desemba 2023*

Kwa Agathe,

Leo sikusalimu.

Nilikungoja Kigoma na hukujibu. Wewe, ambaye hujawahi kuacha tusi bila kulirudisha! Usingizi ulinikataa. Mtu wa dagaa sikumsubiri, nikawasha gari, nikamwambia Divine apande na jiko lake, tukapitia Nyanza-Lac na Bujumbura hadi Kavimvira, mpakani kwetu. Divine nimemwacha Nyamianda kwa mama yake, mimi nikaja hapa dukani kwa Alliance kuuliza kama kuna barua. Barua hakuna. Alikuwepo Vainqueur, amekaa juu ya gunia anakula ndizi.

Nikamwuliza, "Vainqueur, yaya yangu ananinunia nini? Simu anapokea, kusema hataki."

Akanitazama vibaya. "Atasema na nini? Weye haujue? Tangu operesheni ya Bukavu sauti ilikatika. Iko anaandika tu na chaki mu ardoise, kile kibao ya watoto ya masomo, anakuonyesha. Minye nilizania muko munajua, muko famille moja."

Na Alliance kutoka nyuma ya mizani, "Ata mu ardoise iko anatukana watu. Minye aliniandikia juzi eti unga yangu iko na muchanga."

Walicheka, Agathe. Walidhani nami nitacheka.

Kwanza nilisikia aibu, kwa sababu nilikumbuka nilichokuandikia kutoka Kyela, fungua mdomo watoke, wewe peke yako ni watu wanne. Aibu hiyo bado ninayo, inaniunguza. Halafu nikakasirika, na hasira ni kubwa kuliko aibu. Tangu mwezi wa nne! Ukaingia kwenye chumba cha kupasuliwa bila kuniambia. Ukatoka huna sauti, ukanidanganya umefunga namba. Ukanyamaza shambani peke yako ukitazama ndege wakila, na ukaona bora shamba liende kwa Ninahazwe kuliko kuandika sentensi moja kwa ndugu yako. Mimi nililala kando ya barabara na mapazia, sawa, ni ujinga. Wako ni ujinga gani? Nipe jina lake.

Gari sijaliuza. Nakuja nalo. Barua hii anaileta Vainqueur leo hii, mimi nangoja jibu lako kwa sababu najua nikija bila ruhusa utanifungia mlango, na sauti ya kukuomba ufungue ninayo mimi tu.

Rénovat

---

*Luberizi, 5 Desemba 2023*

Kwa Rénovat,

Salamu nakupa, sikulelewa na mbuzi kama wewe.

Ulitaka jina. Naitwa Agathe wa mzee Ciza, yule aliyesikika mpaka Sange. Watu walinijua kwa hilo. Kanisani nilianzisha wimbo bila kinanda. Kwenye mfereji, siku ya salongo, kazi ya kijiji kizima, rais wa kamati hakuhitaji filimbi, aliniita mimi. Halafu walinitoa rovu, wakanishona vizuri, na nilipoamka nikataka maji, hakuna kilichotoka. Upepo tu. Waliniambia ningoje, huenda itarudi. Ningekuandikia nini? Kwamba nangoja? Ungenihurumia, wewe, mtu anayelala kwenye Hiace. Hilo sikuliweza.

Mtoto wa Délice nilipompakata sikumwimbia. Délice alidhani sikumpenda kwa sababu ni wa kike. Hilo ndilo lililoniuma, kama unataka kujua. Nilimwandikia kwenye ardoise, lakini mtu hawezi kumbembeleza mtoto kwa chaki.

Simu nilipokea kwa sababu nilitaka kukusikia. Unasema alo kama mtu anayeita ng'ombe asiye wake. Nilisikiliza kila mara mpaka ulipochoka, ndipo nikakata. Barua yako ya Kigoma sikuijibu kwa sababu ulikuwa umeshaanza kuelewa, na sikutaka niwe mimi wa kukumalizia.

Njoo. Punje zimeingia maziwa tangu juzi na leo asubuhi ndege wa kwanza wametua upande wa barabara, upande wangu. Lakini sikiliza masharti. Ukija na huruma, geukia hapo hapo darajani. Usinishike bega. Usimlete Divine anililie. Uje na koo lako, na koti lako utalikuta shambani, limenyewa kidogo. Gari lako la aibu uliegeshe nyuma ya nyumba lisionekane na watu.

Agathe

---

*Luberizi, shambani, 28 Desemba 2023*

Kwa Rénovat, aliyekwenda Nyamianda kula Noeli na mama mkwe akasahau kurudi,

Heri za Noeli. Mbuzi ni wazima. Kuku wako ametaga kitandani mwako ndani ya gari, nami nimemwacha, amepata mahali pa hadhi yake.

Nakumbusha kwamba gari nilisema liegeshwe nyuma ya nyumba. Wewe ukaliingiza kwenye tuta la mfereji, likazama mpaka vyuma vya magurudumu, wakwe wa Ninahazwe wakalivuta mpaka kando ya shamba, kijiji kizima kikatazama kitanda chako. Wiki mbili ulisimama juu ya paa lake ukipiga kelele. Sauti yako ni mbaya, inapasuka ikipanda, lakini ndege walikuwa wanaondoka, nadhani kwa kuchukia. Halafu ukaniachia ufunguo, ukanionyesha honi, ukasema, "Yaya, ukizidiwa bonyeza hapa." Ukasema kwa upole. Nilikuwa nimekukataza upole.

Sikuwa na nia ya kuigusa. Siku ya kwanza nilikaa kwenye usukani kwa sababu ya mvua tu. Ndege wakaja kutoka upande wa Ninahazwe, wengi, wameinama wote pamoja kuelekea kona ya baba. Nikabonyeza.

Rénovat, bonde lote liligeuka. Wale ndege walivunjika katikati, wakavuka mto. Ng'ombe waliinua vichwa. Ninahazwe alitoka kwenye mpunga wake ameshika masikio, akanifokea nimwache apumue, nami nikambonyezea yeye peke yake, ndefu, mpaka akarudi kwake. Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyo, mtu kutoka upande huu na watu wa upande ule wakageuka. Nililia ndani ya takataka yako. Hakuna aliyeniona.

Tangu siku hiyo nabonyeza kuanzia asubuhi. Pengine hata pasipo ndege. Jana rais wa kamati alipita, akasugua punje kiganjani, akasema bado siku chache tu zikauke, shamba libaki mahali lilipo. Nilimjibu kwa honi. Akacheka, akasema, "Agathe, iko unarudia vile ulikuwa."

Leo asubuhi nimebonyeza, imelia kama mtu mwenye mafua. Nimebonyeza tena, kimya. Nimefungua huko mbele, nimepiga mateke, hakuna. Ni betri, mtu yeyote anajua ni betri. Gari gani hilo la mwanamume linalokufa kwa kupigiwa honi? Ulizunguka nalo nchi tatu, mimi nimelimaliza bila kulisogeza.

Sasa nimesimama kwenye tuta na sufuria ya Divine, nagonga. Hainitoshi. Wanaanza kurudi, wako kwenye nyaya za umeme wananitazama. Ardoise hawasomi.

Vainqueur anasubiri barua hii, anapiga honi yake ya lori kwa madaha kana kwamba hiyo nayo ni sauti. Panda naye akirudi. Usilete zawadi, usilete keki ya mama mkwe, usiniulize hali.

Lete betri. Kubwa.

Agathe